Chokaa ya Siku Tatu

Badi bin Matano alikuwa mwashi wa Kisauni, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa jirani yangu. Mimi ni mtu wa Rabai. Nilikuja Kisauni kufundisha katika shule ya misheni, nikaoa, nikakaa. Yeye alizaliwa papo hapo, na baba yake na babu yake walikuwa waashi kabla yake. Nyumba nyingi za mawe kati ya Kongowea na Kisauni zimepita mikononi mwake. Alikuwa mrefu, mkavu, vidole vyake vimeliwa na chokaa hata vikawa laini kama kokoto za mtoni, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Akiulizwa habari za kazi alijibu. Akiulizwa hali alisema "Alhamdulillahi". Yaliyobaki aliwaachia wengine.

Kusoma alijua, lakini kwa herufi za Kiarabu, kama wenziwe wote waliopita chuo cha Kurani. Herufi za Kizungu hazikumwambia kitu. Ndiyo maana kila Jumamosi, akisha kuswali alasiri, alikuja kuketi kwenye baraza yangu na gazeti chini ya kwapa, akasema, "Mwalimu, nisomea mtu wangu."

Mtu wake alikuwa mwandishi mmoja wa gazeti la *Tarishi*, lililopigwa chapa kisiwani mara moja kwa juma. Aliandika ukurasa wa tatu, chini ya kichwa "Mlangoni Pangu", na sahihi yake ilikuwa herufi mbili tu, M.K. Wengine walisema ni karani wa bandari, wengine walisema ni mwalimu kama mimi. Badi hakujishughulisha na hayo. Alitaka maneno.

Nakumbuka la kwanza lililomkamata. M.K. alikuwa ameandika juu ya kivuko cha Likoni: "Nimesimama kivukoni siku nne, asubuhi na jioni. Wanawake wenye vikapu huachwa nyuma, na wanaume wasio na mzigo hupita. Hili nimeliona na nalisema. Kwa nini iwe hivyo, sijui. Nilidhani ni ubaya wa wasimamizi. Nilipouliza niliambiwa ni wembamba wa ngazi. Labda ni yote mawili. Ajuaye zaidi na aniandikie, nami nitamsikiliza."

Badi aliniomba nirudie. Kisha akaupapasa ukingo wa baraza kwa kidole gumba, kama afanyavyo akikagua lipu.

"Huyu yuwajua kazi," akasema.

"Kazi gani?"

"Ya kusema. Alionalo yualiweka kama jiwe la pembeni, halitikisiki. Asilolijua yualiacha wazi, kama nafasi ya mlango. Wengine wataka ukuta wote uwe mzima, basi pale wasipo na jiwe hujaza udongo, wakapaka chokaa juu. Wewe wapita, waona ukuta. Egemea sasa."

Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba uandishi mzuri ni ule wenye maneno mazito. Katika gazeti lilo hilo alikuwapo bwana mwingine aliyeanza kila habari yake kwa kusema, "Mimi mdogo wenu, nisiye na elimu wala cheo," kisha akawakaripia watu safu mbili nzima. Nilimpenda yule. Siku moja nilimsomea Badi, akacheka, naye hakuwa mtu wa kucheka.

"Amesema mara ngapi kwamba yeye ni mdogo?"

Nikahesabu. "Mara tano."

"Mtu mdogo hutosheka na mara moja," akasema, akaniomba nirudi ukurasa wa tatu.

Tulikwenda hivyo mwaka mzima na zaidi. Mke wake, Mwanasiti, alikuwa akisema kwamba mumewe ana rafiki wawili, mmoja jirani na mmoja wa karatasi, na kwamba humsikiliza zaidi yule wa karatasi. Alisema kwa mzaha, lakini nilikuja kuona kwamba haukuwa mzaha mtupu.

Sasa ni lazima nieleze habari ya ukuta.

Mwaka wa 1945, Bi Mwanarehema, mjane wa pale Kisauni, alitaka nyumba ya mawe ya vyumba viwili ili amwoze binti yake humo. Msingi ulichimbwa na Randu, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwana wa Kafedha, mama aliyekuwa akiuza mihogo njia panda ya Kongowea. Randu alikuwa na sifa ya kuchimba vizuri. Mtaro wake ulinyooka kama uliochorwa kwa uzi. Badi akajenga. Harusi ikafanyika. Masika iliyofuata, katika mvua ya siku sita, ukuta wa upande wa mashariki ukapasuka kutoka juu hadi chini, na asubuhi ya saba ukalala. Kwa rehema ya Mungu bibi na binti yake walikuwa uani. Mbuzi wawili walikufa.

Watu walikusanyika. Badi alifika, akatazama, na mtu mmoja akamwuliza ni nini kilichotokea. Akasema, "Msingi haukushuka hata mwamba. Mwulizeni aliyechimba."

Hakusema zaidi, wala hakurudia. Lakini mwashi wa miaka sitini akisema neno moja, kijana mwenye sururu atafanya nini? Randu alisema kwamba alichimba hata akafika mwamba. Alisema kwa huyu na kwa yule, akasema hata mbele ya msikiti siku ya Ijumaa, yeye ambaye si Mwislamu. Hapana aliyemsikiliza. Baada ya miezi miwili hakuna aliyemwita tena kuchimba msingi, hata wa banda la kuku. Akaondoka, tukasikia yuko Miritini, akifanya kazi ya barabara.

Mimi pia nilimsadiki Badi. Sikuwa na sababu ya kutomsadiki.

Mwezi wa Machi 1947 M.K. aliandika juu ya vyumba vya kupanga. Alieleza jinsi wenye nyumba wanavyopandisha kodi kila mtu mpya ajapo kutoka bara, na habari hiyo ilikuwa imejaa mambo aliyoyaona mwenyewe, mlango kwa mlango, kutoka Changamwe hata Likoni. Karibu na mwisho akawashauri watu wenye viwanja vyao wajenge wenyewe. "Chokaa," aliandika, "ikisha kuzimwa kwa maji na kupoa siku tatu, yafaa kwa kazi. Mtu asiogope."

Niliposoma hapo Badi aliinua mkono.

"Rudia."

Nikarudia.

"Siku tatu?"

"Ndivyo alivyoandika."

Alikasirika, na zaidi ya kukasirika alihuzunika, kama mtu aliyesikia rafiki yake amelewa hadharani. Alizunguka baraza. Kisha akasema, "Chukua kalamu, Mwalimu. Tumwandikie. Yeye mwenyewe alisema ajuaye na aandike."

Nikaleta karatasi. Akasema nami nikaandika: kwamba chokaa ya siku tatu imepoa kwa nje lakini ndani ina punje ambazo bado hazijaiva, kwamba chokaa hutiwa shimoni, ikafunikwa, ikalala miezi, na waashi wa zamani hawakuigusa kabla ya mvua mbili kupita juu yake, kwamba aliyejenga kwa chokaa changa atauona ukuta wake mzuri wakati wa kiangazi, na ikija masika punje zile zitavimba ndani kwa ndani, na mawe yataachana.

"Andika," akasema, "mimi mwenyewe nimeuona ukuta wa namna hiyo ukipasuka kutoka juu hadi chini, siku ya sita ya mvua."

Kalamu yangu ikasimama. Nilimtazama.

"Fundi, ukuta huo uliuona wapi?"

Alikuwa amegeuka upande wa barabara.

"Andika tu kwamba nimeuona," akasema.

Nikaandika. Nikaipeleka barua kisiwani kwa mkono wangu, na sikumwambia mke wangu nililolifikiri.

Juma la kwanza likapita, na la pili. Jumamosi ya tatu nilifungua ukurasa wa tatu, nikaona jina la Badi. Barua ilikuwa pale yote, na chini yake M.K. aliandika maneno haya, ambayo nayanakili kwa sababu gazeti lile ninalo hata leo:

"Majuma matatu yaliyopita niliandika juu ya chokaa kana kwamba nimeipika mwenyewe. Sikuipika. Niliambiwa na mtu mmoja, nikaona uvivu kumwuliza wa pili. Nimekosea, na Fundi Badi wa Kisauni ndiye mwenye haki. Jana nilikwenda kwa waashi wawili wa Mji wa Kale, nao wakasema kama alivyosema yeye. Aliyeanza kujenga kwa maneno yangu, namwomba asimamishe kazi, na hasara yake ni mimi niliyemtia. Ama juu ya kodi za vyumba niliyoyasema siku ile, hayo niliyaona, nami nasimama palepale."

Nilidhani Badi atafurahi. Jina lake lilikuwa limesomwa Pwani nzima. Lakini aliniomba nirudie, kisha mara ya tatu, na kila mara uso wake ulizidi kukunjamana.

"Hakusema 'huenda nimekosea'," akasema.

"Hakusema."

"Wala 'ikiwa kuna aliyedhurika'."

"La."

"Wala hakumtaja yule aliyempotosha. Amesema uvivu ni wake." Akavuta pumzi. "Na la kodi hakuliacha. Mtu akiona haya hutupa yote, jema na baya, apate kuondoka upesi. Huyu ameondoa jiwe moja bovu, na mengine ameyaacha mahali pake."

Akaondoka bila kunywa kahawa. Siku nne hakwenda kazini. Mwanasiti alikuja kwangu kuniuliza kama mumewe amefiwa na mtu ambaye yeye hamjui.

Siku ya tano alikuja asubuhi, nami nilikuwa natoka kwenda shule. Alisimama chini ya ngazi, hakupanda.

"Mwalimu," akasema, "shimo langu la chokaa lilikuwa tupu mwaka ule. Bi Mwanarehema alikuwa ametaja siku ya harusi, na wageni wamealikwa. Nikachoma tanuri jipya, nikazima, nikajenga. Hata siku tatu hazikutimia upande ule wa mashariki. Randu alifika mwamba. Mimi niliushika kwa mkono wangu kabla sijaweka jiwe la kwanza."

Nikasema lile ambalo watu husema: kwamba yamepita, na Mungu ni mwenye kusamehe.

"Mungu namjua," akasema. "Miritini, njia ya karibu ni ipi?"

Nilimwomba mwalimu mwenzangu asimamie darasa langu, nikaenda naye. Tulivuka daraja la Nyali kwa miguu, tukapanda basi kisiwani hata Changamwe, kisha tukatembea. Tulimkuta Randu pamoja na wenziwe wakipasua mawe ya barabara, kitambaa kichwani, amekonda. Alipomwona Badi aliweka nyundo chini, akasimama. Kwa kuwa ni mtu aliyelelewa vizuri, alisema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema Badi. Kisha akasema yote, wima, bila kukaa. Alitaja shimo tupu, tanuri jipya, harusi, mwamba. Akamaliza kwa kusema, "Kosa lilikuwa langu, nikakutwika wewe. Nimekuja kukuomba radhi."

Randu alimsikiliza hata mwisho. Wenziwe walikuwa wameacha kupiga mawe.

"Maneno yale hukuyasemea hapa, mzee," akasema.

"Ndiyo."

"Uliyasemea Kisauni, mbele ya watu. Hapa Miritini hapana anijuaye kwa msingi mbaya. Hapa najulikana kwa kupasua mawe tu." Sauti yake haikupanda. "Radhi nitakupa au sitakupa, hilo ni langu. Lakini nenda ukaseme pale uliposema."

Akaokota nyundo. Tukarudi.

Njiani Badi alisema jambo moja tu. Tulipokuwa tunashuka kuelekea daraja la Makupa alisema, "Amesema kweli. M.K. hakuniandikia mimi barua ya siri. Alikosea gazetini, akasema gazetini."

Ijumaa ile, watu walipotoka msikitini, aliwaomba wamfuate kwa Bi Mwanarehema. Wengine walikwenda kwa udadisi, kwa kuwa Badi hakuwa mtu wa kuita watu. Alikuwa amechukua sururu. Ukuta ulioanguka ulikuwa bado haujajengwa. Bibi alikuwa ameuziba upande ule kwa makuti. Badi alivua kanzu, akabaki na shuka na fulana, akaanza kuchimba kando ya msingi. Mzee mmoja alitaka kumpokea sururu, akakataa. Alichimba hata jasho likamtoka puani, na alipofika chini alikwangua mchanga kwa mikono, akawaita watu waje watazame. Mawe ya msingi yalikuwa yamekaa juu ya mwamba, yameshikana vizuri.

Akawaambia. Hakusema maneno mengi kuliko yale ya Miritini, na hakusema kwamba yeye ni mdogo wala kwamba ni mkosefu mkubwa. Alisema alichokifanya, na siku gani, na kwamba Randu wa Kafedha alichimba vizuri. Mtu mmoja akauliza kama basi nyumba zake nyingine zote ni mbovu.

"La," akasema Badi. "Nyingine ni nzima. Nimeijenga moja kwa chokaa changa, ni hii. Mwenye shaka na aje nayo, nitamfungulia ukuta wake atazame."

Nilikuwa nimesimama karibu na Bi Mwanarehema. Nilitazamia atazungumza juu ya ukuta wake, au mbuzi wake. Alikuwa ameshika ukingo wa mtandio.

"Mwaka mzima," akasema, "nampita Kafedha njia panda, simpi salamu. Yeye hunisalimu, mimi natazama mbele. Wewe Badi, ukuta ungejengwa siku yoyote. Hilo nalo utalijengaje?"

Bibi alijifunika vizuri, akatoka mbele ya wanaume wote, akashika njia ya Kongowea. Sikuambiwa walisemezana nini na Kafedha. Najua tu kwamba alirudi jioni na tita la mihogo kichwani, na kwamba tangu siku ile watu wa nyumba yake walinunua kwa Kafedha peke yake.

Mambo hayakuwa mepesi kwa Badi. Kazi mbili alizokuwa ameahidiwa zilikwenda kwa waashi wengine, na kwa muda watu walipita kwenye nyumba alizozijenga wakizigonga kuta kwa vifundo vya vidole, wengine mbele yake. Mtu mmoja wa Kongowea alichukua lile neno lake, akaja na shaka. Badi akamfungulia ukuta, akamwonyesha chokaa ya ndani ngumu kama mfupa, akaufunga tena. Baada ya huyo hapana aliyekuja.

Katika miezi hiyo ya uchache wa kazi aliniambia anataka kujua herufi za Kizungu. Nikamfundisha. Mtu aliyezoea kuanza kuliani aliona taabu kuanza kushotoni, na mwalimu aliyezoea watoto aliona taabu kumfundisha mtu anayeuliza sababu ya kila kitu. Lakini alikuwa na subira ya kazi yake. Siku alipoisoma "Mlangoni Pangu" peke yake, kutoka mwanzo hata mwisho, ilimchukua alasiri nzima, na mimi nilikaa kando nikishona kiatu, nimekatazwa kumsaidia. Habari ya siku ile ilikuwa juu ya bei ya samaki, wala haikuwa nzuri kuliko nyingine. Alipomaliza alilikunja gazeti.

"Polepole ni bora," akasema. "Uliponisomea wewe sikuona ni maneno mangapi ameyaacha."

"Utayaonaje yaliyoachwa?"

"Kama nionavyo jiwe lililochongwa. Vipande hamna, lakini wajua vilikuwapo."

Niliwahi kumwambia twende kisiwani tukamtafute M.K., tumpe mkono. Alifikiri, akakataa. Alisema mtu yule amejitia herufi mbili tu kwa sababu zake, na kwamba yeye anamjua kadiri inavyomtosha.

Masika ya 1948 ilipopita, chokaa aliyoizima Badi baada ya Ijumaa ile ilikuwa imelala shimoni mwaka mzima, imekuwa laini kama samli. Badi aliujenga upya ukuta wa mashariki, bila ujira. Siku ya tatu ya kazi Randu alitokea. Alikuwa amekuja kumwona mama yake, na Kafedha alikuwa amemweleza yote, ingawa nadhani habari zilikuwa zimemfika Miritini zamani. Alisimama akamtazama mzee akipanga mawe. Kisha akashuka kwenye lile shimo ambalo Badi alilichimba mbele ya watu, na ambalo lilikuwa bado wazi, akalisafisha pembe zake, kwa sababu lilichimbwa ovyo na mtu asiye mchimbaji, na jicho lake halikuweza kulivumilia.

Hawakukumbatiana, wala Randu hakusema neno radhi siku ile. Badi alimwuliza, "Kuna mtu wa Likoni ataka nyumba ya vyumba vitatu. Kiwanja chake kina mchanga mwingi. Waweza kufika mwamba?"

"Nitakwenda kuutazama kwanza," akasema Randu. "Siwezi kusema kabla sijautazama."

"Utazame," akasema Badi, akamsogezea kata ya maji.

Randu alikwenda Likoni Jumatatu iliyofuata. Mwamba ulikuwa chini sana, akachimba siku tisa.